Bi. Sipora Lianga na Swali la Kumi na Nne

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Bi. Sipora Lianga anastaafu baada ya kuutumikia Mtandao wetu wa Waangalizi wa Uchaguzi kwa miaka ishirini na mitatu. Alianza mwaka 2002 akiwa mpokea simu katika ofisi ya Gizo, mji mkuu wa jimbo letu la visiwani, na anaondoka akiwa Mkuu wa Waangalizi wa jimbo zima. Mimi niliombwa kuandika ukurasa mmoja kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nimeshindwa kuishia hapo, na mhariri akilalamika nitamwambia akaandike yeye juu ya mtu aliyekaa naye meza moja muda wote huo.

Kwa wasiomfahamu, Sipora ni yule mama mfupi wa magongo mawili. Aliugua akiwa na umri wa miaka minne, na tangu hapo miguu haikumtii tena. Siku ya kwanza kazini alikuta ofisi yetu ghorofani, juu ya duka la vipuri vya injini za mashua. Wanaume wawili wakashuka mbio kumbeba. Akawanyooshea kidole.

"Mniache. Mimi si gunia la mbata."

Akakaa kwenye kidato cha kwanza, akaipa ngazi mgongo, akaanza kupanda kwa makalio, mikono ikimsukuma juu kidato kimoja kimoja na magongo akiyavuta kwa kamba. Alipofika juu, sote tulikuwa tumejifanya tumezama kazini. Miaka miwili baadaye ofisi ilihamia chini. Jalada linasema ni kwa sababu paa lilikuwa linavuja.

Kingine cha kumjulia ni macho yake. Sipora husikiliza akiwa ameyafumba. Wageni wengi wamedhani amelala, na kusema kweli hata sisi tuliozoea hatuna hakika kila mara. Mgeni mmoja mheshimiwa alitusomea mpango wake kwa dakika arobaini, na alipomwona Sipora ametulia vile akashusha sauti asimwamshe. Alipomaliza, Sipora akafumbua jicho moja, akamuuliza kwa nini ukurasa wa tisa unapingana na wa nne. Mgeni akaomba maji ya kunywa.

Mwaka 2006 ulikuwa wa uchaguzi wake wa kwanza pamoja nasi. Fomu ya mwangalizi niliiandika mimi, nalisema wazi ili lawama isimwendee mwingine. Swali la kumi na nne lilisomeka hivi: Je, watu wenye ulemavu waliweza kuingia kituoni na kupiga kura? Mwangalizi aliweka alama kwenye Ndiyo au Hapana. Niliona ni swali zuri. Fomu zikarudi kutoka vituo tisini na sita, na zote tisini na sita zilisema Ndiyo. Tukapiga makofi. Mzee Patisoni, mwenyekiti wetu wa wakati ule, akaanza kutunga barua ya kutupongeza.

Sipora alikuwa amefumba macho.

"Kaspa," akaniita, "kituo cha Lokumete nacho wameandika Ndiyo?"

"Ndiyo, dada."

"Kile kipo juu ya nguzo, kina vidato kumi na saba vya mbao. Mimi ni mzaliwa wa pale."

"Sasa watu waliingiaje?"

"Kama nilivyoingia mimi uchaguzi uliopita. Nilibebwa."

Mzee Patisoni akaacha kuandika. "Lakini si uliingia, mama?"

"Niliingia, mzee. Na aliyenibeba akaingia. Na kalamu akashika yeye."

Ndipo nilipoanza kuona nilichokifanya. Kwetu visiwani mtu asiyeweza kutembea habebwi kwa huruma, hubebwa kwa heshima. Huogeshwa, huvishwa nguo ya kanisani, na mwenye mgongo imara kuliko wote katika ukoo huinama mbele yake. Ukoo unaomwacha ndugu yao atambae mbele za watu umejivua nguo. Kwa hiyo waangalizi wetu walipoona wazee na wagonjwa wanaingia vituoni juu ya migongo ya jamaa zao, hawakuona tatizo lolote. Waliona watu wanaopendwa. Wakaweka alama kwenye Ndiyo, na hata ningekuwa mimi ningeiweka.

Aliyembeba Sipora alikuwa mjomba wake, Mzee Rensi Hite, fundi wa mitumbwi, kaka wa mama yake na mtu aliyemlea. Alimweka kwenye benchi, akapokea karatasi ya kura, akaijaza palepale, akaitumbukiza sandukuni, kisha akamshika mkono akakichovya kidole chake kwenye wino. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alifanya kama ambavyo angemkatia nyama sahanini. Sipora alituambia kwamba wino ule ulikaa kidoleni wiki nyingi, na kila alipokuwa anafua au anamenya viazi alikitazama kile kidole akihisi ni cha mtu mwingine.

"Wino wangu," akasema, "kura yake."

Siku hiyo nililijua jambo moja alilolitaka maishani, na naliandika hapa kwa kuwa ameniruhusu. Alitaka kupiga kura moja kwa mkono wake, bila mtu yeyote kujua amempa nani, na bila kumpoteza mjomba wake kwa ajili hiyo. Si jambo kubwa ukilitaja kwa mdomo. Lakini mwangalizi siku ya uchaguzi huwa kwenye kituo cha watu wengine, mbali na daftari lenye jina lake, na kazi aliyoichagua ikamchukulia ile kura mwaka baada ya mwaka.

Kabla ya uchaguzi wa 2010 alimwambia Mzee Patisoni kwamba amechoka kupokea simu, anataka kwenda kuangalia. Mwenyekiti akauliza nani atambeba. Sipora akajibu kwa kuleta wenzake kumi na mmoja, wasioona, viziwi, wa magongo na wa viti vya magurudumu, akawapanga mstari ukumbini kwa ajili ya mafunzo. Mmoja wao alikuwa Bentli Sogavi, kiziwi, seremala, ambaye huandika kila kitu kwenye kidaftari. Msimamizi wa kituo kimoja alidhani Bentli atamsikia akipaza sauti, basi akampigia kelele haki na mipaka ya mwangalizi, kifungu baada ya kifungu, mpaka foleni nzima ikazijua. Bentli aliandika katika ripoti yake kwamba elimu ya mpiga kura kituoni hapo ilikuwa nzuri sana.

Siku ya uchaguzi mashua niliiendesha mimi. Tulipangiwa kituo cha mbali, maana kanuni yetu inakataza mwangalizi kukaa katika kijiji chake. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, bahari imelala kabisa, na katikati ya safari injini ikakohoa, ikazima. Nikahangaika nayo. Maji yalikuwa yanatupeleka polepole, hatukuona kisiwa wala mbingu, weupe mtupu, na kila tone lililoanguka kutoka kwenye kasia lilisikika. Sipora alikaa mbele, macho kayafumba, fulana nyeupe ya uangalizi imelowa umande. Nikiikumbuka saa ile sina hakika kama niliiishi au niliiota. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, na mbele yetu zikatokea nguzo za shule ya Lokumete, foleni ya wanawake upande mmoja na ya wanaume upande wa pili, wanatutazama.

Nikapiga simu. Mzee Patisoni akasema kituo hicho hakina mwangalizi, tukae hapohapo, na Sipora aandike wazi kwenye fomu kwamba hapo ni kijijini kwake. Kabla sijamaliza kuongea, Mzee Rensi alikuwa ameshaingia majini mpaka kiunoni, meno mekundu kwa kutafuna popoo, anacheka kwa furaha ya kumwona.

"Karibu nyumbani, mwanangu! Nimeshabeba watano tangu asubuhi, wewe wa sita. Haya, mgongoni!"

"Shikamoo, mjomba. Leo sikuja kama mwanao. Niko kazini."

"Marahaba. Na hiyo kazi ndiyo inakukataza kubebwa?" Akashusha sauti. "Sipora, watu wanatuangalia. Unataka waseme Rensi kamwacha mtoto wa dada yake atambae?"

Sipora akafumba macho. Akikataa, anamwaibisha mbele ya kijiji kizima mzee aliyemlea. Akikubali, anaingia kituoni juu ya mgongo wa mtu ambaye yeye anatakiwa kumwangalia. Mimi ningepanda mgongoni, hata kama ningeitwa mwoga. Mashua ilikuwa inayumba taratibu.

"Nibebee magongo, mjomba," akasema.

Akashuka mwenyewe. Akasogea kwenye mchanga, akafika ngazini, akaipa mgongo, akaanza kupanda vile anavyopanda. Mtu akipanda hivyo, uso wake unakuwa kwa watu. Alipanda vidato kumi na saba akiwatazama wote mmoja mmoja, nao wakimtazama, na mzee akimfuata na yale magongo ameyashika wima kwa mikono miwili, kama mishumaa ya kanisani. Nilisikia mwanamke mmoja akilia kwenye foleni. Mimi nilijishughulisha na injini.

Ndani, alikaa pembeni na kufanya kazi yake. Sheria inaruhusu mpiga kura kusaidiwa na mtu anayemwamini, na mwangalizi haruhusiwi kuingilia, ni kutazama na kuandika tu. Mzee Rensi akabeba mtu mwingine, na mwingine, na mwingine, na kila mara alichukua karatasi akaenda nayo kituturini, kwenye kibanda cha kupigia kura, pasipo kuuliza neno. Sipora akaandika. Wa nne alikuwa Mama Vaelet, msusi wa mikeka, aliyepooza upande mmoja. Walipokaribia kituturi akampigapiga mzee begani.

"Rensi, niweke hapa."

"Bado hatujafika, mama."

"Wewe niweke. Nimemwona huyu alivyopanda. Kalamu nitashika mwenyewe."

"Utachelewesha watu!"

"Watu wana shughuli gani leo? Waache wasubiri."

Wakasubiri. Kalamu ilimdondoka mara mbili, tukaisikia ikiviringika sakafuni, na mara mbili msimamizi akamrudishia. Mzee Rensi alisimama nje ya kituturi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mama Vaelet alipotoka alikuwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Jioni ile Sipora alikata swali langu la kumi na nne kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika: Nani alishika kalamu? Akajibu: Niliowaona wakibebwa ni wanne. Watatu, kalamu ilishikwa na aliyewabeba. Mmoja alishika mwenyewe. Watano wa kabla sikuwaona, siwaandiki. Akatia saini jina lake kamili.

Ripoti ilipochapishwa haikumtaja mtu, lakini ilitaja Lokumete, na Lokumete mbebaji ni mmoja. Mzee Rensi akatuma ujumbe kwa mwenye mashua ya mizigo: "Mwambieni Sipora mgongo wangu umestaafu." Kisha akanyamaza. Sipora akienda nyumbani kwa likizo, mzee alikuwa akichukua mtumbwi na kwenda shambani mpaka likizo iishe. Arusi zilipita, Krismasi zilipita. Nilimwona Sipora akilia kazini mara moja tu kwa miaka yote, na ilikuwa siku ya msiba wa shangazi yake, alipoletewa chakula pale ofisini na kila mtu wa ukoo isipokuwa mjomba. Nilimuuliza kama anajuta kuiandika ile fomu. Akasema hajuti, ila anaumia, na kwamba hayo ni mambo mawili.

Kutokana na maumivu hayo ndipo ilipotoka njia ya kazi ambayo leo mitandao mingine inakuja kujifunza kwetu. Kabla ya uchaguzi wa 2014 Sipora alisema tumekosea kuwauliza wasimamizi kuhusu vituo. Wanaovijua ni wabebaji. Tukazunguka visiwa vyote tukiwatafuta wale wenye migongo, tukawauliza: Unaumia wapi? Unateleza wapi? Mlango gani unakulazimisha uingie ubavu? Ukimshusha, meza inamfika wapi? Na mwisho kabisa, kwa upole: Huwa unamuuliza anataka nani? Walitueleza kila kitu. Mbebaji mmoja wa kisiwa cha mbali alisema, "Hata sisi tumechoka, mama. Hakuna aliyetuuliza." Orodha yao ilitumika kuhamisha vituo kumi na tisa kutoka juu ya nguzo hadi kwenye kumbi za chini. Nafasi ya Lokumete ilibaki tupu. Nilitaka kuijaza kwa kukisia, akanikataza.

Ilijazwa miezi miwili kabla ya uchaguzi wa 2019. Mchana mmoja, mvua inanyesha, mlango wa ofisi ukafunguka na Mzee Rensi akaingia, amelowa chapachapa. Akakaa kwenye kiti cha wageni, hatua mbili kutoka kwa Sipora, akanigeukia mimi.

"Kaspa, mwandikie huyo mama. Kidato cha tisa kimeoza upande wa kushoto."

Sipora, macho yamefumbwa, akachukua kalamu.

"Mwandikie mlango ni mwembamba, magongo hayapiti yote mawili. Mwandikie meza iko juu, Vaelet alijaza karatasi akiwa ameinua kidevu." Akaendelea hivyo karibu saa nzima, kidato kwa kidato, ubao kwa ubao, naye Sipora akiandika yote, na mimi katikati nikiwa mjumbe asiyekuwa na ujumbe. Mwisho mzee akatazama mvua.

"Mwambie pia nilidhani nawasaidia."

Nikafungua mdomo, Sipora akaniwahi. "Mwambie alikuwa anatusaidia kweli. Nilitaka tu aniulize."

"Mimi siwapelekei tena," nikasema. "Kila mtu ana mdomo wake."

Mzee akaanza kucheka, na Sipora akafumbua macho. Tulikula samaki na viazi vitamu pale mezani, fomu tumezisogeza pembeni, na hakuna aliyeitaja miaka tisa iliyopita.

Mengine ni ya kwenye majalada. Amefundisha waangalizi mia mbili na kumi na wawili wenye ulemavu. Amefanikisha kifuniko chenye matundu ambacho asiyeona hukiweka juu ya karatasi ya kura akajua mstari wa kila mgombea kwa kidole. Amemzoesha kila mwenyekiti kutoa ripoti akiwa na mkalimani wa lugha ya ishara kando yake, na wenyeviti watatu wamejaribu kuongea haraka kumzidi mkalimani wakashindwa. Amekunywa chai yangu bila ruhusa tangu 2002.

Mwaka jana, katika uchaguzi wake wa mwisho, aliomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba: ruhusa ya nusu siku. Nikampeleka Lokumete. Kituo siku hizi kiko kwenye ukumbi wa kanisa, chini kabisa, sakafu inakutana na mchanga. Akaingia kwa magongo yake, akataja jina lake, akapewa karatasi yake, akaenda kituturini. Akakaa mle. Mawakala wa wagombea wakatazama saa zao. Msimamizi akakohoa kidogo, akaacha. Nje kulikuwa na jua laini na mawimbi madogo, na mimi nilijiona nimesimama ndani ya usingizi wa mtu mwingine, naogopa kukanyaga kwa nguvu nisimwamshe. Alipotoka karatasi ilikuwa imekunjwa. Akaitumbukiza yeye. Akachovya kidole yeye.

Mzee Rensi, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na haoni vizuri, alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango. Kwa mazoea ya maisha yake yote akauliza, "Umempa nani?" Halafu akajiziba mdomo.

"Sikwambii, mjomba," akasema Sipora.

Mzee akamtazama. Akainuka, akajikongoja hadi kwenye foleni, akapaza sauti wanaume na wanawake wakamsikia.

"Jamani! Mtoto wa dada yangu kapiga kura, na mimi sijui kampa nani!"

Alisema hivyo nyumba kwa nyumba mpaka jua likazama, kifua mbele, kama mtu anayetangaza arusi. Wengine walidhani uzee umemzidi. Sipora alikuwa amekaa kwenye mashua, uso wake umelowa machozi, na safari hii macho yalikuwa wazi.

Bi. Sipora, tunakushukuru kwa kila fomu uliyoikata na kuiandika upya, na kwa subira yako kwetu tuliochelewa kuelewa. Lala mchana utakavyo, hakuna atakayekuuliza kama unasikiliza. Uishi miaka mingi yenye afya na amani, dada yetu, upige kura nyingi, na hata moja usituambie.

Kaspa Bekoa
Mwendesha mashua na mwandishi wa fomu, Ofisi ya Gizo